Msaidizi wa wakili: Mlinzi wa saa na siri katika kesi za biashara ya kimataifa

KESI inapotajwa, wengi wetu huwazia wakili aliyejitanda joho jeusi akimimina hoja mbele ya jaji. Ni nadra mtu kumkumbuka yule aliyekesha akipanga stakabadhi, akihesabu siku zilizosalia na kuhakikisha kila ukurasa umefika unakostahili kufika kabla ya saa iliyowekwa kutimia.

Katika kesi za biashara ya kimataifa, hususan nchini Marekani, mtu huyo ni msaidizi wa wakili. Hasimami kortini kutetea wala hatii saini hoja za kesi. Hata hivyo, kampuni inaweza kushindwa kabla ya wakili wake kutamka neno, kwa sababu tu karatasi moja ilichelewa. Nao mawakili wenyewe wanaweza kupigwa marufuku kwa sababu tarakimu moja ya siri iliachwa wazi.

Hapa nchini, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilimtambua msaidizi wa kisheria hasa kama mtu wa kuwafikishia haki wanyonge. Yule anayezungumziwa katika makala haya ni wa aina nyingine. Ameajiriwa na kampuni ya mawakili, aghalabu jijini Washington au New York, na kwa kawaida ana shahada ya chuo kikuu. Baadhi yao huifanya kazi hiyo kwa miaka miwili au mitatu kabla ya kujiunga na chuo cha sheria, ilhali wengine huifanya hadi wanapostaafu.

Saa zake za kazi hulipiwa na mteja kama zilivyo za wakili, ingawa kwa kiwango cha chini. Mnamo 1989, katika kesi ya Missouri v. Jenkins iliyohusu ubaguzi wa rangi shuleni, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba upande ulioshindwa unapoamriwa kulipa gharama za mawakili, kazi ya wasaidizi wao inaweza kulipwa kwa bei ya soko. Uamuzi huo ulikuwa ithibati kwamba kazi ya msaidizi ni sehemu ya kazi ya sheria, wala si ukarani wa kupiga chapa tu.

Mipaka yake nayo ni bayana. Haruhusiwi kumpa mteja ushauri wa kisheria wala kumwakilisha mbele ya jaji. Kila anachokifanya hukifanya chini ya usimamizi wa wakili, na akikosea, wakili huyo hawezi kunawa mikono.

KESI ZENYEWE NI ZIPI?

Kesi nyingi za aina hii huhusu kile ambacho wataalamu hukiita utupaji wa bidhaa. Kampuni ya kigeni inapouza bidhaa yake Marekani kwa bei iliyo chini ya thamani yake halisi, kwa mfano chini ya bei inayotozwa nyumbani kwake, watengenezaji wa Marekani wanaweza kuwasilisha malalamishi na kuomba bidhaa hiyo itozwe ushuru wa ziada. Wanaweza pia kulalamika kwamba serikali ya nchi ile inawapa wafanyabiashara wake ruzuku isiyo ya haki.

Malalamishi hayo huchunguzwa na asasi mbili kwa wakati mmoja. Wizara ya Biashara ya Marekani hupiga hesabu kujua ikiwa bidhaa imeuzwa kwa bei ya kutupa, na kwa kiasi gani. Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo, iliyoanza 1916 ikiitwa Tume ya Ushuru, huamua ikiwa viwanda vya Marekani vimeumia kutokana na bidhaa hizo. Ushuru hauwezi kutozwa pasipo asasi zote mbili kukubali.

Ratiba ya uchunguzi huo imewekwa na sheria, na ni ya kasi. Tangu malalamishi yawasilishwe, Tume huwa na siku 45 kutoa uamuzi wa awali. Wizara nayo kwa kawaida huwa na siku 20 kuamua ikiwa itaanza uchunguzi, siku 140 baada ya hapo kutoa uamuzi wa awali kuhusu utupaji, na siku nyingine 75 kutoa uamuzi wa mwisho. Muda unaweza kuongezwa kwa masharti, lakini saa huwa haisimami.

Asiyeridhika huelekea Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, iliyoko Manhattan jijini New York. Mahakama hiyo yenye nafasi za majaji tisa ilipata jina na mamlaka yake ya sasa kupitia sheria ya 1980. Sheria inakataza zaidi ya majaji watano kutoka chama kimoja cha kisiasa. Kutoka hapo, rufaa hupelekwa katika mahakama ya rufaa iitwayo Federal Circuit iliyoko Washington, kisha Mahakama ya Juu ikikubali kuisikiliza.

SAA HAIMSUBIRI MTU

Kazi ya kwanza ya msaidizi ni kulinda kalenda. Wizara inapoichagua kampuni ya kigeni ichunguzwe, huitumia maswali yenye sehemu kadhaa. Kampuni hutakiwa kueleza umiliki wake, kila mauzo iliyoyafanya, gharama za malighafi, mishahara, umeme na usafirishaji. Kwa kawaida hupewa siku 30 kujibu. Majibu yanaweza kujaza maelfu ya kurasa, mengi yakiwa yamefasiriwa kutoka lugha nyingine.

Majibu hayo hupakiwa katika mtambo wa kielektroniki wa Wizara, nao muda wa mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za Washington. Tume ina mtambo wake tofauti, na huko mlango hufungwa saa kumi na moja na robo. Robo saa hiyo inaweza kumponza mgeni wa kazi anayedhani kwamba saa ya huku ndiyo saa ya kule.

Ugumu huzidishwa na umbali. Washington inapotimiza saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao, jijini Nairobi ni saa sita usiku, na mjini Shanghai ni saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Mhasibu wa kiwanda anayepaswa kusahihisha jedwali moja huenda amelala fofofo. Ndiposa msaidizi mwenye uzoefu huwawekea wateja tarehe yake mwenyewe, siku kadhaa kabla ya ile ya serikali, na kuishikilia kana kwamba hakuna nyingine.

Kwamba jambo hili si la mzaha lilidhihirika katika kesi ya kampuni ya asali kutoka China, Dongtai Peak Honey, iliyoamuliwa na Federal Circuit mnamo 2015. Asali ya China ilikuwa ikitozwa ushuru wa kuzuia utupaji tangu 2001, na Wizara ilikuwa ikikagua upya kiwango cha ushuru huo. Kampuni hiyo ilitumiwa maswali ya nyongeza. Ilipoomba kuongezewa muda wa kuyajibu, siku ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Ilitoa sababu, zikiwemo matatizo ya tarakilishi na ya mawasiliano.

Wizara ilikataa kuyapokea majibu hayo. Pasipo majibu, kampuni ilihesabiwa kuwa imeshindwa kuthibitisha kwamba inajiendesha bila udhibiti wa serikali ya China, ikatupwa katika kapu la kampuni zinazotozwa kiwango kikali zaidi. Mahakama mbili, moja baada ya nyingine, ziliunga mkono uamuzi huo. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kueleweka: hata kama matatizo yalikuwapo, hayakuizuia kampuni kuomba muda zaidi kabla ya siku kufika.

Msomaji atatambua kwamba hapa hapakuwa na mjadala wowote kuhusu bei ya asali. Suala la iwapo kampuni ilitupa bidhaa au la halikufikiwa kamwe kwa misingi ya hesabu zake. Kilichoamua mambo ni ombi fupi ambalo lingeweza kuandikwa kwa dakika chache, lau lingetumwa mapema.

Mahakama, hata hivyo, haikuwapa maafisa wa Wizara ruhusa ya kuwa wakatili. Mnamo 2012, Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ilisema Wizara ilikosea kukataa stakabadhi iliyochelewa ya kampuni moja ya kamba wa baharini kutoka Vietnam, ikizingatiwa kwamba kazi ya kuichunguza ingekuwa ndogo na madhara kwa kampuni makubwa. Mnamo 2022 ilitoa uamuzi wa mwelekeo huo huo kuhusu kampuni ya Uturuki, Celik Halat, inayotengeneza nyaya za chuma za kuimarisha saruji. Majibu yake yalichelewa kwa muda mfupi mno.

Faraja hiyo, hata hivyo, ina gharama. Ili kuipata, kampuni sharti ishtaki, ilipe mawakili na kusubiri kwa miezi au miaka huku wanunuzi wake wakitafuta bidhaa kwingine. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe ni mtu mmoja mwenye kalenda.

MABANO YA SIRI

Kazi ya pili ni kulinda siri, na hii ndiyo inayoitofautisha taaluma hii na kazi nyingine za ofisi za mawakili.

Kampuni zinazopambana katika kesi hizi ni washindani wa kibiashara. Mtengenezaji wa chuma wa Marekani angefurahi kuona orodha ya wateja wa mwenzake wa Uturuki, bei anayomtoza kila mmoja na gharama yake ya kila tani. Kwa upande mwingine, wakili wa mtengenezaji huyo hawezi kubishana kuhusu hesabu ambazo hakuziona. Sheria ililitatua tatizo hilo kwa amri maalumu ya ulinzi wa siri. Mawakili na wasaidizi wao huapa kuzitumia taarifa hizo kwa ajili ya kesi pekee na kutomwonyesha mtu yeyote, hata mteja wao.

Naam, hata mteja anayewalipa. Msaidizi anaweza kuijua bei halisi ya mshindani wa mteja wake, kisha azungumze na mteja huyo kwa simu kwa saa nzima bila kuidokeza.

Kila taarifa ya siri huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Mabano mamoja huonyesha kwamba taarifa inaweza kusomwa na mawakili walioapa. Mabano mawili huonyesha kwamba hata hao hawaruhusiwi. Kisha hutayarishwa nakala ya pili kwa ajili ya umma, ambayo yote yaliyomo ndani ya mabano yamefutwa na badala yake kuwekwa muhtasari. Kwa tarakimu, Wizara hukubali mathalani takwimu iliyo karibu na ile halisi, mradi tofauti isizidi asilimia 10.

Kanuni za Wizara zinampa msaidizi nafasi ndogo ya kupumua. Nakala ya siri huwasilishwa siku ya mwisho, kisha kuna siku moja ya kazi ya kuyapitia mabano upya na kuwasilisha nakala iliyosahihishwa pamoja na ile ya umma. Siku hiyo moja ndiyo hukesha watu. Ukurasa baada ya ukurasa, msaidizi hukagua ikiwa jina la mteja lililofichwa ukurasa wa 12 limejitokeza tena katika tanbihi ya ukurasa wa 340, au kama grafu inamwezesha msomaji mwerevu kuikokotoa bei iliyofutwa.

Tume ya Biashara ya Kimataifa huchapisha mara kwa mara muhtasari wa visa vya ukiukaji wa amri hiyo, bila kuwataja wahusika kwa majina. Kosa linalojirudia katika muhtasari huo ni la kusikitisha kwa udogo wake: nakala ya umma iliyopakiwa huku siri haijafutwa. Wakati mwingine maneno yamefunikwa kwa rangi nyeusi ambayo mtu yeyote mwenye tarakilishi anaweza kuiondoa. Wakati mwingine barua pepe imemwendea mtu ambaye hakuapa.

Adhabu huanzia barua ya onyo na inaweza kufikia kupigwa marufuku ya hadi miaka saba kufanya kazi mbele ya asasi husika. Wakili aliyemsimamia msaidizi naye hubeba lawama. Kesi ikiisha, nakala zote za siri hurejeshwa au kuharibiwa, na hati ya kuthibitisha hivyo huwasilishwa. Atakayesahau hatua hiyo ya mwisho atakuwa amekiuka amri, hata kama hakuna siri yoyote iliyovuja.

KORTINI

Kesi ikifika mahakamani, hesabu ya siku huanza upya. Anayepinga ushuru wa kuzuia utupaji ana siku 30 tangu amri ya ushuru ichapishwe katika gazeti rasmi la serikali kuwasilisha hati ya kuanzisha kesi, na siku nyingine 30 kuwasilisha malalamishi yenyewe.

Kuna mtego mwingine ambao wasiojua hunaswa nao. Bidhaa inapoingia Marekani, mwagizaji hulipa ushuru wa makadirio. Baadaye idara ya forodha hufunga hesabu, na ushuru huo huwa wa mwisho. Mnamo 1983, katika kesi ya kampuni ya Zenith Radio, mahakama ya rufaa ilieleza kwamba hesabu ikishafungwa, hata ushindi mahakamani hauwezi kubadilisha ushuru uliokwisha kutozwa kwa bidhaa hizo. Kwa hivyo, mawakili huharakisha kuomba agizo la kuizuia forodha kufunga hesabu hadi kesi iamuliwe. Msaidizi ndiye mwenye orodha ya kila shehena, nambari yake na tarehe yake.

Umuhimu wa orodha kama hizo ulionekana na ulimwengu mzima katika mvutano wa ushuru ulioanza Aprili 2025. Rais Donald Trump alitangaza ushuru kwa karibu nchi zote, Kenya ikiwemo kwa kiwango cha asilimia 10, akitumia sheria ya hali za dharura ya 1977. Kampuni tano ndogo, zikiongozwa na mwagizaji wa mvinyo V.O.S. Selections wa New York, zilikwenda mahakamani. Mei 28, 2025, Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliamua kwamba rais alivuka mipaka ya sheria hiyo. Agosti 29, 2025, Federal Circuit ilikubaliana nayo kwa kura saba dhidi ya nne. Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja Novemba 5, 2025, na Februari 20, 2026, ikaamua kwamba sheria hiyo haimpi rais mamlaka ya kutoza ushuru.

Magazeti yaliandika kuhusu rais na majaji. Lakini kabla ya uamuzi huo wa mwisho, kampuni nyingi, ikiwemo Costco ya maduka makubwa, zilikuwa zimewasilisha kesi zao ili zisije zikapoteza haki ya kurejeshewa fedha. Nyuma ya kila kesi palikuwa na mtu aliyeketi na jedwali la shehena, akitafuta ipi iliyofungwa hesabu, ipi iliyo karibu kufungwa, na ipi ambayo siku zake 180 za kuwasilisha pingamizi kwa forodha zinayoyoma.

FUNZO KWA KENYA

Mtu anaweza kuuliza mambo haya ya Washington yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu utaratibu wa namna hii umekwisha kubisha hodi kwetu.

Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Suluhu za Kibiashara ya 2017, iliyounda asasi ya kuchunguza malalamishi kuhusu bidhaa zinazotupwa humu nchini na zile zenye ruzuku. Jijini Arusha, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki imekuwapo tangu 2001, na mkataba wa jumuiya unampa raia au kampuni miezi miwili pekee ya kupinga sheria au hatua ya serikali mwanachama. Miezi hiyo ikipita, mlango umefungwa, hata kama hoja ni nzito kama nanga.

Kwamba mlango huo una manufaa ulithibitishwa na kampuni ya sigara ya British American Tobacco Uganda. Mnamo 2017 Uganda ilibadilisha sheria na kuzitoza sigara zinazoingizwa nchini humo ushuru wa juu kuliko zile zinazotengenezwa humo humo. Sigara za kampuni hiyo zilikuwa zikitoka Kenya. Ilishtaki mwaka huo huo, na mnamo 2019 mahakama ya Arusha iliamua kwamba ubaguzi huo ulikiuka sheria za soko la pamoja la jumuiya.

Kampuni kubwa ina mawakili wa kuihesabia siku. Swali ni kuhusu mwenye kiwanda kidogo cha maziwa, mayai au nguo anayeuzia nchi jirani. Akizuiliwa mpakani leo, je, nani atamwambia kwamba siku zimeanza kuhesabiwa? Nani atamtunzia risiti, ankara na hati za forodha kwa mpangilio ambao mahakama itaukubali?

Vyuo vyetu hutoa mawakili kila mwaka, na vijana wengi wenye shahada za biashara, hesabu na lugha wanatafuta ajira. Kazi hii inawafaa, kwa kuwa haihitaji ufasaha wa kuzungumza mbele ya majaji bali umakini, uaminifu na ustahimilivu wa kusoma jedwali refu bila kusinzia. Kozi fupi kuhusu sheria za forodha, utunzaji wa siri za biashara na taratibu za mahakama ya Arusha zingewapa mwanzo.

Wakati huo huo, mwenye biashara ya kuuza nje anaweza kuanza leo, bila wakili. Aandike tarehe ya kila barua anayopokea kutoka kwa forodha au wizara na kuhifadhi bahasha yake. Atunze hati za kila shehena katika faili moja. Na akipata barua yenye siku ya mwisho ya kujibu, aombe muda zaidi kabla ya siku hiyo kufika, si baada yake.